Ng'ombe Thelathini na Jogoo Mmoja

Jumapili, 8 Juni 1952

Onesmo anaoa. Anaoa Mganda.

Nimeyaandika hayo kabla ya salamu, na ndivyo nilivyofanya hata mchana. Mageni wa posta aliniletea barua nikiwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani. Nikaifungua palepale, nikamwambia habari yenyewe kabla sijaitikia mwangaluka, salamu yake. Alisimama mlangoni akisubiri. Nikamwitikia baadaye.

Basi sasa salamu. Mimi ni Mama Onesmo wa Kolandoto. Daftari hili aliliacha Onesmo alipomaliza darasa la nane, kurasa mbili tu zina hesabu. Mimi nilisoma kwa wamisheni mpaka la tatu, lakini la tatu la zamani. Mchungaji mwenyewe amesema herufi zangu zinasimama kuliko za walimu wa siku hizi.

Onesmo ndiye mwanangu wa kiume peke yake. Alianza mgodini Geita akipaka mashine grisi, na mwaka wa tatu mashine ikigoma ni yeye anayeitwa. Sasa yuko Jinja, Uganda, wanakojenga bwawa la umeme. Msichana anaitwa Eseza. Wazazi wake wamemwuliza Onesmo watu wake ni akina nani, maana kwao mtu asiye na watu hapewi mke. Anaomba baba yake aende, au niende mimi.

Jumatatu, 9 Juni

Pamba. Mgongo.

Jumamosi, 14 Juni

Mabula haendi. Mabula ni mume wangu, baba yake Onesmo. Amesema pamba iko shambani na maji ya lambo yamekwisha, ng'ombe wanapelekwa mbali kunywa. Sababu si hiyo. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, akasema bila kuniangalia, "Kwa wakwe wanakwenda ng'ombe. Mtu akitangulia mikono mitupu anakwenda kuomba. Waambie thelathini, na rangi wachague wao."

Thelathini. Hapa Kolandoto nani mwingine anaweza kulisema neno hilo akiwa anachonga mpini?

Naandika na sababu, ili Klara binti yangu akisoma siku moja asidhani ni majivuno tu. Kwetu ng'ombe wa bukwi, yaani mahari, ndio wanaomfanya mtoto awe wa baba yake. Mtoto aliyezaliwa bila ng'ombe kwenda ni wa ujombani, hata awe na pua ya babu yake. Onesmo akioa bila ng'ombe, wajukuu wangu wote ni Waganda, na mji huu unaishia kwa Mabula.

Kwa hiyo nakwenda mimi.

Jumapili, 22 Juni

Nimepata wenzangu wawili. Wa kwanza ni Mwanne, anayeuza kanga Shinyanga mjini. Asili yao ni Ujiji, na Kiswahili chake kinateleza kama samli. Wa pili ni Zipora, jirani yangu, tunaimba naye kanisani. Zipora hajawahi kuona maji yanayozidi lambo. Ameuliza kama meli ina breki.

Jumanne, 1 Julai

Garimoshi mpaka Mwanza. Vumbi. Zipora alisali kutoka Malampaka mpaka Fela.

Alhamisi, 3 Julai

Tuko kwenye meli, daraja la tatu, juu kabisa penye upepo, katikati ya marobota ya pamba na magunia ya dagaa wa Nkome. Nilikuwa nimejiandaa kuuona mpaka. Nilidhani pana ukuta, au askari, au walau mti. Baharia akasema tumeshaupita tangu asubuhi. Maji ya huku na ya kule ni rangi moja. Na shilingi yao ni hii hii yetu. Nimemwambia Zipora hii si nchi ya kigeni, ni jirani aliyehamia ng'ambo.

Baadaye nikagundua nilisema mapema.

Jumamosi, 5 Julai. Jinja

Onesmo alitupokea bandarini. Amenenepa. Ana saa mkononi na watu wanamwita fundi.

Niandike nilivyoiona nchi hii, maana nyumbani wataniuliza.

Kwanza, macho hayafiki mbali. Kwetu ukisimama mlangoni unamwona mgeni wako nusu saa kabla hajabisha hodi, unapata nafasi ya kubandika chungu. Huku ni migomba tu, na mtu anatokea ghafla kama aliyekuwa amejificha. Pili, udongo ni mwekundu na mvua inanyesha mwezi wa saba, bila kuombwa na mtu. Tatu, sijaona ng'ombe. Nimehesabu tangu bandarini: wanne, na mmoja alikuwa ndama. Nne, wanawake wanavaa gauni refu lililosimama mabegani, lenye mshipi mpana kiunoni, na wanakaa upande juu ya baiskeli nyuma ya waume zao, hawashiki kitu na hawaanguki. Tano, salamu yao. Wakishaulizana hali, mmoja anaguna, mwenzake anaguna, wa kwanza anaguna tena, polepole, kama wanaoonja kitu. Mwanne alihesabu miguno kumi na moja kwa watu wawili waliokutana kwenye ndoo ya maji.

Chakula ni ndizi zilizopikwa kwa mvuke ndani ya majani yake. Zipora anasema kinapita tumboni bila kusema kimepita. Anataka ugali.

Jumatatu, 7 Julai

Mvua. Mwanne amekasirika. Alimsemesha mama mmoja sokoni kwa Kiswahili kizuri cha Ujiji, yule mama akamjibu kwa kidole. Onesmo anasema huku Kiswahili wanakiona ni lugha ya askari na vibarua. Mwanne amesema hajawahi kuitwa kibarua kwa lugha ya mama yake.

Jumanne, 8 Julai

Onesmo alitupeleka kwenye bwawa. Ziwa letu linatokea pale, linakuwa mto, linakwenda Misri. Watu ni wengi kama siku ya mnada, na chuma kinalia. Nilimwonyesha kila aliyesimama karibu yangu mtu aliyekuwa juu ya mashine kubwa, nikawaambia yule ndiye mwanangu. Onesmo akanigusa bega. Alikuwa nyuma yangu. Sikujali. Mashine ile ikigoma ataitwa yeye.

Nilimwuliza kama baada ya harusi atarudi nyumbani. Akasema bwawa likiisha. Nikamwuliza linaisha lini. Akaitwa kwenye mashine, akaenda.

Jumamosi, 12 Julai

Leo tumekwenda kwa akina Eseza, upande wa Mukono. Nitaandika yote kwa mpango, na kosa nitaliandika mahali pake.

Asubuhi Onesmo alitoka na jogoo mwekundu kapuni, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Akasema huyo ni wa kaka yake Eseza, bila huyo hatuingii kwenye maneno. Nikamwambia, "Mwanangu, sisi watu wa ng'ombe thelathini tufike kwa wakwe na kuku?" Kwetu kuku hupewa mtu aliyekusaidia kuezeka. Akasema ndiyo desturi yao. Nikasema watatuonea huruma. Zipora akaniunga mkono. Mwanne alinyamaza, na Mwanne hanyamazi bure. Onesmo akamfungua jogoo, akamwacha kwa jirani. Nilimlea kutii.

Tulipofika, Eseza alitoka kutupokea akapiga magoti njiani, gauni safi, matope ya mvua ya jana. Hata sisi tunapiga goti, lakini tunachagua mahali. Nilimpenda palepale. Ni mrefu, meno yamepangwa, na hakuinuka mpaka nilipomaliza kuitikia.

Tuliketi kwenye mikeka. Baba yake, Mzee Erisa, amevaa kanzu na koti, haongei upesi. Kaka yake anaitwa Semei, ni mwalimu, umri wake kama wa Onesmo. Anayejua Kiswahili ni Shangazi Foibe, dada yake Mzee Erisa, aliyekaa Mwanza miaka mingi na mumewe. Kwao shangazi ndiye mwenye binti. Mama mzazi alikaa nyuma ya mlango, nikaona vidole tu.

Hapo niliposimama ndipo kosa lilipoendelea. Nilisema mimi ni nani. Nilisema nyumba yetu ina bati. Nilisema habari za Onesmo mgodini Geita. Kisha nikasema ng'ombe thelathini, na rangi, na pembe, na wenye maziwa wangapi, na kwamba wakitaka majike matupu tunaweza kuzungumza. Nilisema vizuri. Foibe akatafsiri, na tafsiri ilikuwa fupi kuliko maneno yangu.

Mzee Erisa akauliza swali. Foibe akaligeuza polepole.

"Kaka yangu anauliza, mwanao amefanya kosa gani hata mlipe faini ya ng'ombe thelathini?"

Nikasema si faini, ni heshima. Akauliza wakifika watakula nini, migomba yake? Watu wakacheka, si kwa ubaya sana. Akasema tena kwamba yeye ana binti, hana mnada. Kanzu kwa baba, gauni kwa mama, Biblia, basi. Aliyetaja ng'ombe anataka kumnunua mtu asirudi kuwasalimu wazazi wake.

Kisha Semei akasema neno moja. Foibe hakutaka kuligeuza, nikamwomba.

"Anauliza jogoo wake yuko wapi."

Foibe akatueleza kwamba kwao kaka ndiye anayemtoa dada yake mlangoni, na jogoo ndiye anayemfanya mwoaji kuwa shemeji. Bila jogoo, Onesmo ni mtu tu aliyekuja na mama yake.

Semei aliinuka bila hasira, akachukua baiskeli, akaondoka. Tulilishwa vizuri sana. Hakuna aliyetuambia njooni tena.

Kwenye basi Mwanne ndipo alipofungua mdomo. "Mama Onesmo, mteja akitaka kanga moja nyekundu, usimwangushie robota zima la shuka. Atadhani unamfukuza."

Jumapili, 13 Julai

Onesmo hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 14 Julai

Onesmo alikwenda kazini. Jana jioni Foibe alimtumia neno kwamba jibu hakuna, wala la ndiyo wala la hapana, na Mzee hataki wajumbe tena. Onesmo aliniambia hilo akiwa anafunga kamba za viatu.

Nikaenda kwa jirani nikamchukua jogoo. Zipora akauliza tunakwenda wapi. Nikasema kupeleka nilichokiacha. Hawakuniacha peke yangu; Mwanne alibeba mwavuli, Zipora akabeba kapu kwa zamu nami. Tulishuka kwenye basi mvua ikaanza. Jogoo alilowa akawa mdogo. Nilimwonea haya.

Tulikutana na Semei njiani, anasukuma baiskeli kutoka shuleni. Sikuwa na maneno ya kwao. Nikapiga magoti barabarani, mahali ambapo sikupachagua, na matope yalikuwa ya baridi. Nikamnyoshea kapu kwa mikono miwili.

Alitupa baiskeli. Aliniinua kwa viwiko, anaongea mbio Kiganda, amefadhaika kweli, kisha akatupeleka kwa Shangazi Foibe, nyumba ya tatu. Kule tulikaushwa na kupewa chai. Foibe ndiye aliyesema yaliyobaki.

Semei alisema mama wa mtu hampigii magoti kijana wa rika la mwanawe, nisirudie. Alisema jogoo ni mzuri. Lakini hawezi kumpokea.

"Jogoo hatoki mkono wa mwanamke," alisema Foibe. "Na kwa kuwa mlishafika bila yeye, sasa hautoshi hata mkono wa Onesmo. Baba yake yuko hai?"

Nikasema yuko hai, ana nguvu.

"Basi amtoe yeye, mbele ya mlango wake. Tutakuja. Kaka yangu nitamweleza mimi, ananisikiliza kuliko anavyoonyesha. Hata hivyo tunataka kuona mtoto wetu atalala wapi. Baba akimtoa kwa mkono wake, Semei ana shemeji. Asipomtoa, tutakunywa maji yenu turudi, na pasiwe na ugomvi."

Nikamwuliza lile lililonileta. Watoto watakuwa wa nani?

"Wa baba yao. Wa nani tena?"

"Bila ng'ombe?"

"Kwani ng'ombe ndiye anayewazaa?"

Nimeliandika kama alivyolisema, kwa sababu itabidi nilifikishe kwa Mabula.

Akasema pia jogoo huyu ameshaonekana, asichinjwe wala asibadilishwe. Kwa hiyo nasafiri naye.

Ijumaa, 18 Julai. Melini

Jogoo anawika kila meli inapopiga honi. Baharia anauliza kama amelipiwa nauli. Zipora haogopi maji tena, ana kazi ya kumtetea jogoo.

Jumatatu, 21 Julai. Kolandoto

Nyumbani. Nchi ni kavu na macho yanafika mbali. Mabula alituona nusu saa kabla.

Nilimweleza yote, na goti nililipiga mbele yake tena ili aone lilivyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Niliposema hawataki ng'ombe, akauliza, "Mwanangu wamemwokota?" Niliposema watoto kwao ni wa baba hata bila ng'ombe, akasema maneno ya mwanamke wa Uganda hayajengi boma. Niliposema jogoo, akaangalia kapu.

"Mimi nishike kuku mbele ya wakwe?"

Akaenda zizini.

Alhamisi, 24 Julai

Pamba ya mwisho. Mabula hasemi.

Jumapili, 27 Julai

Jogoo amechagua kulala juu ya boma la ndama. Mabula amemfukuza mara mbili kwa fimbo.

Jumanne, 29 Julai

Hakumfukuza.

Jumanne, 5 Agosti

Barua ya Onesmo. Mzee Erisa amekubali safari. Wanakuja watano: Mzee, Shangazi Foibe, Semei, jamaa mmoja, na Eseza mwenyewe, wakisindikizwa na Onesmo. Onesmo ameandika, "Mwambie Baba simlazimishi. Lakini wakirudi bila kupewa jogoo, mimi sitaoa mwingine, na sitarudi huko kuishi nikiulizwa kila siku kwa nini."

Nilimsomea Mabula mara moja. Akaomba nimsomee tena mwisho tu. Nikamsomea. Akaniuliza kama karatasi ile ameandika Onesmo kwa mkono wake. Nikamwambia ndiyo, hata herufi zake ni zangu.

Nami nilikuwa nimemwona Mabula siku zote hizi kuwa ni jiwe. Leo nimemwona ni mtu anayeogopa. Alinioa mimi, dada wa watu watatu, kwa ng'ombe kumi na wawili, na ndugu zangu walikuwa wanamhesabia mbele ya watu huku yeye, kijana, amesimama juani. Miaka hii yote amekusanya ng'ombe ili mwanawe asisimame vile. Sasa wanakuja watu wanaosema hawahesabu, naye hajui asimame vipi.

Sikumwambia kwamba nimeelewa. Nilimwekea maziwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Upepo, vumbi, hakuna jingine. Klara amesiliba kuta.

Jumatano, 13 Agosti

Mwanne amekuja na gauni la mama yake Eseza. Amelishona kama ya kule, mabega yamesimama, alikuwa akiyaangalia kwa jicho la biashara kumbe. Amemkuta Mabula uani na jogoo. Mabula akasema alikuwa anamtazama kama ana utitiri. Mwanne akasema, "Baba Onesmo, mbona umemshika kwa miguu kama wa sokoni? Wa heshima hukaa kwenye mkono, kifua mbele." Mabula akamwambia aende akauze kanga zake. Lakini nilimwona akimgeuza.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo Mabula amekuja jikoni, mahali asipofika, akasimama mlangoni.

"Ng'ombe wote thelathini nitawasimamisha zizini siku hiyo," amesema. "Hawatolewi, nimesikia. Lakini Mzee Erisa atapita mbele yao. Lazima awaone."

Nikasema apite, macho hayalipiwi.

"Na yule mwalimu, yule shemeji. Nikimkabidhi, niseme neno, au nimpe tu?"

Nikamwambia kwao wanaguna kwanza. Akaguna, kwa kujaribu. Nikamgunia. Tukafanya hivyo mara nne, sufuria ikafurika na sikuiangalia.

Kisha akasema jogoo asiachwe nje tena, kuna kicheche. Atalala kwenye tenga alilolisuka Mabula mwenyewe, nimelikuta chini ya kitanda chetu. Tenga la kuku, limesukwa na Mabula wa ng'ombe thelathini, na limesukwa vizuri.

Nimewaambia kanisa zima. Nimemwambia Mageni wa posta, kwa salamu kwanza. Mwanne anafunga duka, Zipora ana kazi ya chai, Klara ana maji, kwaya watasimama kuanzia njia panda ya stesheni. Ndizi sitapika, watakula ugali wa mtama na maziwa, waone kinachokaa tumboni. Na Mabula amesema stesheni atakwenda mwenyewe, amevaa koti, jogoo mkononi, kifua mbele, amkabidhi wakifika mlangoni kwetu: wanashuka Jumamosi, tarehe 30 Agosti, garimoshi la asubuhi.